DOGO HAFUNGI? PUNGUZENI MAKOCHA!

Kuna straika mmoja mdogo hapa mjini, jina kapuni. Msimu ulivyoanza alikuwa anatupia tu, mtaa mzima unamuita mfalme. Sasa mechi kibao zimepita hajaziona nyavu, na ghafla kila mtu kawa kocha. Baba mdogo anamwambia apige kwa nguvu. Washkaji wanamwambia atulie. Mama anataka apelekwe kwenye maombi. Huko Insta ndo usiseme: mara demu kampa nuksi, mara karogwa.

Ukweli ni kwamba dogo hajasahau kufunga. Kelele ndo zinammaliza. Akipata pasi nzuri, badala ya kuuangalia mpira anawaza watu watasema nini akikosa. Hapo ndipo anapiga kwa papara, au anatoa pasi wakati goli liko wazi.

Fernando Torres alitua Chelsea Januari 2011 kwa pauni milioni 50, akiwa tayari bingwa wa dunia na Hispania. Goli la kwanza alilipata tarehe 23 Aprili, dhidi ya West Ham. Karibu miezi mitatu! Sasa dogo wa miaka 17 ni nani asikauke?

Kwenye besiboli ya Marekani, mpigaji anayefanikiwa mara 3 kati ya 10 ni staa. Anakosa 7 na bado analipwa mamilioni. Na straika ahesabiwe hivyohivyo: ameingia mara ngapi kwenye boksi, amepata nafasi ngapi? Anayekosa nafasi bado anafika golini. Wa kuhofia ni yule anayejificha nyuma ya mabeki ili asipewe mpira.

Kwa hiyo abaki kocha mmoja, ampe kitu kimoja tu cha kufanyia kazi. Ampigishe mipira ya karibu na goli kila siku mpaka mguu ukumbuke. Nyumbani wasimuulize habari za mechi, wamuulize kama amekula.

Vipaji vingi vya mtaani haviui na mguu mbovu, vinauliwa na aibu. Dogo anaanza kukwepa mazoezi, anauza njumu, mwisho unamkuta kijiweni.

Na nyie mnaomtag kila akikosa, mkiharibu kazini kwenu kuna anayewarekodi?

Mdau, ungekuwa kaka yake ungemwambia nini? Au ungekaa kimya? Dondosha komenti yako hapo chini.