Amana za marhumu ndani ya kompyuta kuukuu



Wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita Levolosi, Kaloleni na Ngarenaro siku hizi hawaulizii masufuria na mabati peke yake. Huulizia pia kompyuta za zamani, zile zenye kasha zito la bati na skrini yenye mgongo mrefu. Bei wanayotoa ni ndogo, lakini chumba kinahitajika na mashine imekaa bure, basi mwenye nyumba huitoa bila kujiuliza ndani mna nini. Leo nataka tuzungumzie kilichomo ndani, na namna ya kukitoa kabla mashine haijapakiwa mkokotenini.

Familia moja ya Levolosi imeniruhusu nieleze yaliyowakuta, bila majina. Marhumu baba yao alikuwa na duka la pembejeo na vipuri jirani na Soko Kuu. Akina mama waliokuwa wakishusha ndizi na maziwa kutoka miteremko ya Meru, upande wa Tengeru na Usa River, walikuwa wakimwachia fedha zao awahifadhie, wengine kwa wiki moja, wengine hadi msimu wa ada za shule. Risiti hakutoa. Kila jioni aliandika hesabu katika kompyuta aliyoinunua katikati ya miaka ya 1990, na hakuibadili hadi mauti yalipomfika. Siku chache baada ya maziko walikuja akina mama watatu kudai amana zao. Vijana hawakuwatambua. Mkubwa wao alisema kuwa pasipo karatasi hapana deni. Mjane alijibu kwa maneno machache: "Baba yenu aliandika kila kitu humo."

Warithi wanaujua mpangilio: gharama za maziko hutangulia, hufuata madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mafungu ya warithi. Amana ya mtu haimo katika mirathi hata kidogo. Ni mali ya mwenyewe iliyokuwa mikononi mwa marhumu. Kwa hiyo mwenye kugawa kabla ya kusoma daftari anaweza kugawa asichokimiliki. Na tukumbuke kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Marhumu alikuwa ameandika. Tatizo lilikuwa kuyafikia maandishi yake.

Kompyuta iliwaka, tena bila tabu. Lakini tundu la diski laini lilikuwa limekufa kwa vumbi, na kila anayeishi chini ya mlima huu anajua vumbi la kiangazi lilivyo jembamba. Flashi haikusaidia, kwa sababu Windows 95 iliyokuwamo haijui kuisoma. Fundi wa kwanza aliitoa diski kuu akaiunganisha na kompyuta mpakato kwa kifaa cha USB, na hakuna kilichoonekana. Si kosa la diski. Diski ndogo za enzi zile, hasa zile zisizofika megabaiti 528, zilihesabu nafasi zake kwa utaratibu ambao vifaa vingi vya leo haviufahamu. Fundi akashauri diski ifunguliwe. Hapo mjane alikataa, na naona alifanya vyema: diski kuu ikifunguliwa nje ya maabara, chembe moja ya vumbi yatosha kuiharibu.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima kidogo. Alitazama nyuma ya kasha akaona tundu la pini tisa, lile mafundi wanaloliita siriali, akatabasamu. Kupitia tundu hilo kompyuta mbili zinaweza kuzungumza kwa waya, herufi baada ya herufi, bila intaneti wala diski. Waya wenyewe sharti uwe wa kupishanisha: pini ya kutumia ya upande mmoja ikutane na pini ya kupokelea ya upande wa pili, yaani namba 2 na namba 3 zibadilishane. Ukitumia waya ulionyooka, kompyuta zote mbili zitasema na hakuna itakayosikia.

Programu ya mazungumzo hayo huitwa terminali. Windows 95 ilikuja na moja, HyperTerminal, iliyoendelea kuwamo hadi Windows XP, Windows 3.1 ilikuwa na yake iliyoitwa Terminal. Upande wa kompyuta mpya fundi alitumia Tera Term, inayopatikana bure. Pande zote mbili aliweka masharti yaleyale: kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti 8 za data, bila biti ya ukaguzi, biti 1 ya kusimamia. Sharti moja likitofautiana, skrini hujaa alama zisizosomeka, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani mashine imeharibika.

Kinachobaki ni itifaki, yaani adabu ya kupeana faili. XMODEM ya mwaka 1977 ndiyo kongwe. Hutuma vipande vya baiti 128, na kipande cha mwisho kikipungua hukijaza, hivyo faili huongezeka mkia ambao mwenyewe hakuuandika. Kermit ilitungwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1981, ikapewa jina la chura wa vikaragosi vya televisheni. Ni ya polepole lakini huvumilia waya mbovu. ZMODEM ya mwaka 1986 hutunza jina, ukubwa na tarehe ya faili, na waya ukikatika huweza kuendelea pale ilipoishia. Kwa hesabu za watu, chagua hiyo ikiwamo. Na usibonyeze kamwe amri ya kutuma faili kama maandishi ya kawaida, kwa maana faili ya hesabu itafika imevunjika na pengine hutagundua.

Nasema haya kwa urefu kwa kuwa vijana wetu huona ni uchawi. Sivyo. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata baada ya mlango kufunguliwa mashine zilikuja kabla ya intaneti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe za Afrika Mashariki zilipitia FidoNet: kompyuta moja ikaipigia nyingine simu, zikakabidhiana mafurushi ya barua kwa itifaki za namna hii, kisha zikakata.

Faili ya marhumu ilikuwa na kilobaiti 600. Kwa biti 9600 mashine hupitisha baiti 960 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kazi ilichukua dakika kumi na moja. Ilikuwa faili ya dBase, na LibreOffice ya leo iliifungua kama jedwali la kawaida.

Hapo likazuka jingine. Tarehe ya faili ilisomeka 1 Januari 1980. Kijana mkubwa akasema faili imeghushiwa. Maelezo yake ni mepesi: betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta ilikwisha kufa, na saa hiyo ikifa, mashine za aina hii hurudi mwaka 1980 kila zinapowashwa. Tarehe ya faili si tarehe ya deni. Marhumu alikuwa akiandika tarehe kwa mkono wake katika kila mstari, na hizo zilikuwa timamu. Lakini hoja ya kijana si ya kupuuzwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, na mahakama hutazama zilivyotunzwa na kama ziko salama na mabadiliko. Basi kazi hii ifanyike mbele ya mashahidi wawili. Iandikwe nani alihamisha, siku gani, kwa njia gani. Faili ya asili isiguswe. Na isomwe nakala.

Na isomwe inayohusika tu. Mjane aliagiza lihamishwe kabrasha la duka kwanza, barua za marhumu ziachwe. Mtu aliyekufa hana wa kumtetea siri zake.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya mashirika makubwa. Kweli, hapa hapa Arumeru, Lakilaki, ndiko zinakotunzwa kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyofungwa mwishoni mwa 2015, na watunzaji wake wana kazi ya kuhamisha rekodi za vikao kutoka kanda za zamani. Wao wana bajeti. Familia ya Levolosi ilihitaji waya, kifaa cha kugeuza USB kuwa siriali, na alasiri moja.

Akina mama wawili wamo katika jedwali, kila mmoja na salio lake, na wamelipwa. Wa tatu hayumo. Yeye asema aliweka zamani, mwanawe alipokuwa darasa la kwanza, na kijana huyo sasa ana watoto. Warithi walio wazima wangeweza kumpa kutoka mafungu yao, lakini mdogo wao hajabaleghe na fungu lake halina wa kulisamehe. Katika diski mna kabrasha la pili lenye hesabu za kabla ya 1998, bado halijahamishwa. Wamepanga kulihamisha Jumamosi, mama huyo akiwapo, na hadi hapo hawajagawa kitu.