KRIKETI INACHEZWA SISI TUKIWA KAZINI

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Mimi ni mfanyakazi wa njia ya reli sehemu za Nanyuki, na kwetu ni Doldol. Naandika juu ya jambo ambalo wengine watalicheka. Na wacheke kwanza, kisha wasome mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni hili: mechi kubwa za kriketi hupangwa kwa siku na saa ambazo mfanyakazi hawezi kuzitazama. Wala si bahati mbaya. Kuna watu wanaokaa mezani wakapanga, na wanapopanga hawatufikirii sisi.

Tazameni mambo ya mwaka 2003. Kombe la Dunia lilichezwa Afrika Kusini, na Nairobi ikapewa mechi mbili katika uwanja wa Gymkhana. Ya kwanza ilipangwa Ijumaa tarehe 21 Februari, lakini New Zealand hawakuja kwa kuhofia usalama, wakapoteza pointi. Ya pili ilichezwa Jumatatu tarehe 24. Siku hiyo Kenya waliishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53, na kijana wetu Collins Obuya aliwatoa wapigaji watano. Haya, hesabuni wenyewe. Ijumaa na Jumatatu! Jumamosi na Jumapili zilikuwa pale katikati, na Nairobi haikuwa na mechi.

Wakati ule nilikuwa mtoto katika shule ya misheni. Baba yangu alikuwa kibarua. Alirudi jioni na koleo begani, akaambiwa njiani kwamba Kenya wameshinda. Alifurahi sana, lakini alifurahi kama mtu anayesimuliwa harusi ya mwanawe. Ushindi ule ulikuwa wa nchi yake, umepatikana katika nchi yake, naye hakuuona.

Miaka imepita, na jambo ni lile lile. Mwezi wa Juni 2024 ndugu zetu wa Uganda walicheza Kombe la Dunia la ova 20 huko Marekani na West Indies. Walipata ushindi wao wa kwanza wa Kombe la Dunia walipowapiga Papua New Guinea katika nchi ya Guyana. Mzee wao Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu. Mechi hiyo ilianza saa ngapi kwa saa ya Kampala na Nanyuki? Saa nane na nusu usiku, kuamkia Alhamisi. Mtu anayeshika koleo saa moja asubuhi ataangaliaje?

Hapa bwana mmoja atasema, "Rafiki, jua halichomozi mahali pote kwa wakati mmoja. Kwao ilikuwa jioni." Ni kweli. Kama mechi iliwekwa jioni ili mfanyakazi wa Guyana aione baada ya kazi, mimi sitanung'unika. Yeye ni ndugu yangu, na afurahi.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Katika mashindano hayo hayo, mechi za India mjini New York zilianza saa nne na nusu asubuhi, ili India waone saa mbili usiku. Tena iliamuliwa mapema kwamba India wakifika nusu fainali watacheza Guyana, nayo itaanza saa nne na nusu asubuhi. Wakafika, wakacheza na Uingereza, siku ya Alhamisi tarehe 27 Juni. Je, mfanyakazi wa Guyana alikuwa wapi saa hizo? Alikuwa kazini, kama baba yangu!

Basi tusidanganywe tena kwamba saa haiwezi kusogezwa. Saa inasogezwa. Inasogezwa na fedha za televisheni. Mwenye fedha akikohoa, ratiba inainuka. Asiye na fedha, awe Guyana au Kampala au Doldol, anaambiwa jua ndilo lenye makosa.

Wako na wengine wasemao kwamba kriketi si mchezo wetu. Mnyapara mmoja aliombwa na kijana abadilishiwe zamu ili aangalie mechi, akamjibu, "Kriketi ni ya Wazungu na Wahindi, wewe kazi yako ni koleo." Mtu huyo aje huku kwetu Laikipia afike Il Polei, katika njia ya kwenda Doldol. Atawakuta vijana wa Kimaasai wanaocheza kriketi wamevaa shuka na shanga. Mwaka 2013 walikwenda mpaka London kushindana. Kwa mchezo huo huo huwafundisha watu waache kuwakeketa wasichana. Kriketi haimwulizi mtu kabila lake. Anayeuliza ni mnyapara.

Tena wako ndugu wa chama wanaosema, "Tuzungumze mshahara, michezo ni anasa." Nawaheshimu, lakini nawakatalia. Wafanyakazi wa zamani hawakupigania saa nane za kazi ili wapate kulala tu. Walitaka sehemu ya siku iwe yao wenyewe. Misheni walitufundisha kwamba Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inatupa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Lakini kwa mtu wa reli siku hiyo yaweza kuangukia Jumanne, kwa sababu gari moshi halijui Jumapili. Kwa hiyo kusogeza mechi peke yake hakutoshi.

Naomba Chama kishike mambo matatu.

Kwanza, mechi ya kimataifa ikichezwa nchini mwetu, iwe Jumamosi, Jumapili au sikukuu.

Pili, ratiba hutangazwa miezi mingi mbele. Tukubaliane na waajiri kwamba mfanyakazi akitoa taarifa mapema, aruhusiwe kubadilishana zamu na mwenzake bila kukatwa mshahara. Kazi haitalala, na tajiri hatapoteza hata senti.

Tatu, wasimamizi wa kriketi wa Afrika Mashariki waende kwenye mikutano ya dunia na saa yetu mkononi.

Kombe la Dunia la mwaka 2027 limepangiwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Safari hii saa za huko karibu ni sawa na zetu, hakuna wa kulisingizia jua. Tukinyamaza sasa, tutasimuliwa tena jioni tukiwa na koleo begani.

Umoja ni nguvu.

Ndugu yenu,
Mfanyakazi wa Njia ya Reli,
Doldol