Utabiri Si Ramli



Mie ni muuguzi, naishi Darsait, Muscat. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogelea pwani yetu, nilimpigia simu mama Unguja nikamwomba ahame nyumba ya bondeni kwa siku mbili, ende kwa mjomba. Akahama. Kimbunga kikafika Mafia tarehe 4 kimeshalegea, mama akarudi akaikuta nyumba kavu. Kaka yangu mpaka leo ananicheka: "Hao wa hali ya hewa wanapiga ramli tu. Ghaibu anaijua Mungu."

Ghaibu anaijua Mungu, hakuna anaebisha. Lakini mvua hizo hizo ziliikata barabara ya Lindi pale Somanga, Kilwa. Jee, wa Kilwa nao walitishwa bure?

Wodini nikiwa na wagonjwa kumi wenye dalili moja ya hatari, nawapima wote usiku kucha, hata kama atakaezidiwa ni mmoja. Asubuhi wale tisa hawasemi nimewadanganya. Na kimbunga ni vivyo hivyo. Kikibadili njia kidogo tu baharini, kinaangukia mji mwengine. Oktoba 2021 hapa Oman sote tulionywa juu ya Shaheen, kilichozaliwa na mabaki ya kimbunga Gulab kutoka Ghuba ya Bengal. Muscat tulipata mafuriko, lakini kipigo kikubwa kilikwenda Batina, Musannah na Suwaiq. Waliokuwepo wakati wa Gonu, Juni 2007, kilipoua watu wapatao 50, hawakuona kichekesho katika onyo lile.

Kosa la viongozi wetu ni kuigeuza "huenda" ikawa "ndiyo" au "hapana". Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwatangazia Wakenya kuwa zile mvua kubwa za El Nino zilizotabiriwa hazitakuja tena. Zikaja, na mafuriko yakaua watu zaidi ya 100. Kwani kuna ubaya gani kumwambia mwananchi ukweli: hatuna hakika, lakini hatari ipo, basi jitayarisheni?

Tena kuonya peke yake hakutoshi. Mama alikuwa na pa kwenda na nauli nilimtumia mimi. Asiye na mtu Muscat ahamie wapi? Serikali ikitoa onyo itoe na pa kulala, na chakula cha siku mbili.

Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, na wazee wetu hawakuwa na wa kuwaonya. Sisi tunae, na bahari inazidi kupata joto. Khofu yangu ni onyo lijalo: mama atakumbuka nyumba kavu na kicheko cha kaka, na atakataa kutoka.

Muuguzi,
Darsait, Muscat