Uaminifu Hauvaliwi

Kijana mmoja niliyepata kumfundisha alinijia akaniambia, "Mwalimu, tangu niliposoma hadithi za picha ziitwazo The Boys, simwamini mtu yeyote." Alisema hayo kwa majivuno, kama mtu aliyevuna hekima. Mimi nasema alivuna ujinga wa namna ya pili. Nanyi, wasomaji wangu, nataka mwepuke wa kwanza na wa pili pia.

Hadithi hizo alizitunga Garth Ennis, na mchoraji wake wa kwanza ni Darick Robertson. Zilitolewa Marekani katika matoleo 72, tangu mwaka 2006 hata 2012. Zimejaa damu na matusi, nazo ni za watu wazima, siwaagizi mzisome. Lakini hoja yake yafaa kupimwa.

Humo wamo mashujaa wenye nguvu za ajabu, wapendwao na umma. Nyuma yao ipo kampuni ya silaha, Vought-American, inayowatunza na kuwatolea vitabu vya picha vya kuwasifu. Watu husoma sifa, hutazama vazi, huamini. Kumbe wengi wa mashujaa hao ni waovu kupindukia. Huo ndio ujinga wa kwanza: kumwamini mtu kwa vazi lake. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Hata mkuu wao, Homelander, alidanganywa. Aliletewa picha zilizomwonyesha akitenda maovu ya kutisha asiyoyakumbuka. Alikuwa mbaya tangu hapo, lakini alipoamini picha kuliko nafsi yake alidhani ana wazimu, akaona hana tena sababu ya kujizuia. Mwisho ilidhihirika kwamba mtendaji ni Black Noir, mwenzake mficha uso, aliyeumbwa kwa mfano wake. Uongo ulimfikia kwa mkono wa jirani.

Sasa mtazameni Billy Butcher, adui wa mashujaa. Yeye hakudanganyika na vazi; aliwachukia wote, wema na wabaya. Je, tumsifu? Alimshuku hata Hughie, kijana aliyemwingiza kazini yeye mwenyewe. Kisha akaazimia kumwua kila mtu mwenye dawa ya nguvu katika damu yake, na rafiki zake watatu waliomwamini akawaua kwa mkono wake. Huo ndio mwisho wa ujinga wa pili. Asiyemwamini mtu, naye hatimaye haaminiki.

Ipo njia ya tatu, nayo ni ngumu. Hughie alimpenda Annie. Alimficha kwamba kazi yake ni kuwapiga vita mashujaa. Annie naye akaficha kwamba yu mmoja wao. Siri zilipofichuka waliumizana sana. Lakini baadaye waliambiana kweli, na hadithi yaisha wakiwa pamoja. Katika kitabu kizima kilichojaa waongo, mapenzi yaliyosalia ni yale yaliyokubali kuchunguzwa.

Nilimwuliza yule kijana, "Dereva wa gari lililokuleta hapa wamjua?" Akasema hamjui. "Na chakula ulichokula njiani, nani alikipika?" Akanyamaza. Hakuna mtu aishiye siku moja bila kuamini. Ajidaiye kwamba hamwamini mtu huwaamini wengi bila kufikiri, na huo ndio mlango apitiao mdanganyifu.

Basi, vijana, msiulize kama mtaamini. Ulizeni mtaamini kwa ushahidi gani. Mpeni mtu imani kama mwenye duka atoavyo mkopo: kidogo kwanza, na akilipa, mwongezeeni. Msisome vazi lake wala sifa zilizoandikwa na wamlipao. Someni matendo yake. Kisha jipimeni kwa mizani hiyo hiyo, kwa maana mwenzako naye anakusoma wewe.