Kulipia kabla ni kukopesha: kwa nini sijalipia king'amuzi cha mwaka mzima

Ni Jumapili, saa nne usiku, umeme upo, msosi nimeshapiga (wali maharage kama kawaida, bumu halijaingia). Nilikuwa nipange maandalio ya somo la microteaching, lakini kichwa kimejaa maneno. Leo naomba nitoe dukuduku.

Wote mnajua kesi yenyewe. Floo yetu ina vyumba 24, kila chumba kimetoa 15,000 kwa ajili ya king'amuzi cha common room. Jumla 360,000, ipo kwenye laini yangu maana mimi ndiye mweka hazina wenu mpendwa. Wakala kaja na ofa: kifurushi chetu ni 35,000 kwa mwezi, ukilipa miezi 10 kwa mkupuo unapewa 12. Yaani 350,000, unaangalia mpira mwaka mzima. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasema ngoja kwanza.

Tangu hapo imekuwa vita. Mara "mwalimu mtarajiwa anatuzibia", mara "mweka hazina anataka kuzungusha hela". Hii ya pili imeniuma, sitaficha. Kwa hiyo naeleza hapa taratibu, mtu asome akiwa ametulia, halafu Jumatano tukutane tuamue.

Nianze na hadithi ambayo wengi wetu hatuijui kwa sababu tulikuwa bado tunajifunza kufunga kamba za viatu.

Mwaka 2007 ilikuja Afrika televisheni ya kulipia inaitwa GTV. Mwenyewe alikuwa kampuni ya Uingereza, Gateway Broadcast Services. Kabla yake, ukitaka kuona Ligi Kuu ya Uingereza nyumbani ilikuwa ni DStv, na DStv ya wakati ule ilikuwa ya wenye nazo. Mtu wa kawaida alikuwa na kibanda umiza, basi. GTV wakaja na bei ya chini, na wakanunua haki za sehemu kubwa ya mechi za ligi hiyo kwa misimu mitatu, kuanzia 2007/08. Wakaingia nchi zaidi ya 20, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Watu zaidi ya laki moja wakajiunga.

Nataka niwe mkweli hapa: lilikuwa jambo zuri. Mwalimu, fundi, muuza duka, wote wakaanza kufikiria dishi. Ukiritimba ulitikiswa. Kama ningekuwa mtu mzima mwaka ule, na mimi ningenunua, tena mapema. Kwa hiyo sitaki kusikia mtu anasema waliojiunga walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga hata kidogo.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Ijumaa ya tarehe 30 Januari 2009 ikatangazwa kuwa GTV inafungwa. Haikutolewa notisi ya miezi mitatu. Inafungwa tu, imekwisha. Sababu waliyoitoa ni msukosuko wa fedha duniani: wawekezaji wa kuendelea kuweka pesa hawakupatikana. Jumapili yake, tarehe 1 Februari, Liverpool wanakutana na Chelsea pale Anfield. Lampard kala nyekundu, Torres kafunga mawili dakika za mwisho kabisa. Mwenye king'amuzi cha GTV peke yake siku hiyo alikuwa na boksi lisilo na kazi juu ya meza.

Ilikuwaje kampuni yenye wateja wote hao ikaanguka kabla hata haijamaliza miaka miwili? Ukikaa ukafikiria, biashara hii inatisha. Haki za mpira unazinunua mbele, kwa pesa nyingi, kwa miaka kadhaa. Setilaiti unailipia hata kama hakuna anayeangalia. Dishi na king'amuzi inabidi uviuze kwa bei ya kuvutia, maana bila hivyo hakuna mteja. Gharama zote hizo zinakuja mwanzoni, na mapato yanakuja kidogo kidogo mwezi hadi mwezi. Katikati hapo ni shimo, na shimo linafukiwa na pesa ya wawekezaji. Siku mwekezaji akisema basi, hata kama wateja wanaongezeka, taa zinazimwa.

Wala msidhani ni mambo ya Afrika tu. Mwaka huohuo, Juni 2009, Setanta ya Uingereza ilizimwa pale baada ya kushindwa kulipia haki za Ligi Kuu. Italia nako kulikuwa na Dahlia TV, watu walikuwa wananunua kadi, wanalipia kabla, wanaona mpira. Ilianza Machi 2009, Februari 2011 ikafungwa. Ugonjwa ule ule.

Sasa hoja yangu ndiyo hii, na wale wenzangu wa B/K na Commerce mtanielewa haraka. Tunaenda kufundisha watoto kwamba pesa uliyoipokea kabla ya kutoa huduma si mapato yako, ni deni. Unaiandika upande wa madeni. Mtoto wa sekondari akikosea hapo tunamkata maksi. Lakini sisi wenyewe tukilipia king'amuzi tunajisikia tumenunua. Hatujanunua! Siku unapolipa miezi 12, umenunua siku moja, na siku 364 zilizobaki umeikopesha kampuni. Hakuna riba, hakuna dhamana, na hata mkataba wenyewe hujausoma.

Kampuni ikifa, mkopo huo unaenda wapi? Kwenye ufilisi kuna foleni. Mbele wanakaa wenye dhamana, mara nyingi mabenki. Wanafuata wanaopewa kipaumbele na sheria, kama wafanyakazi kwa mishahara yao na serikali kwa kodi. Mteja aliyelipia kabla yuko nyuma kabisa, pamoja na wadai wengine wasio na dhamana. Kikifika kitu huko nyuma, mshukuru Mungu. Na king'amuzi chenyewe kimefungwa kwa kadi ya kampuni, huwezi kukihamishia kwa mwingine ukaendelea.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Pesa niliyonayo kwenye laini, ile 360,000 yenu, inalindwa kuliko itakavyolindwa nikishailipa. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inataka pesa za wateja wa simu zitunzwe benki kwenye akaunti ya udhamini, zisichanganywe na pesa za kampuni ya simu. Ukiweka benki kuna Bodi ya Bima ya Amana, ina kiwango cha kukulipa benki ikifilisika. Lakini pesa hiyo hiyo ikishavuka kwenda kwenye kifurushi cha mwaka, ulinzi wa namna hiyo haupo. Hivi kuna ugumu gani kusema kwamba malipo yote yanayozidi mwezi mmoja yakae kwenye akaunti ya pembeni, na kampuni ichukue ya mwezi ule tu ambao huduma imetolewa? Simu wameweza. Na tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi si anasa tena, kimekuwa kama soketi ya ukutani.

Najua mtakachosema. Room 14 ameshasema: "Kampuni za sasa ni kubwa, haziwezi kufa." Inawezekana kabisa. Sisemi kampuni yetu itakufa, sina ushahidi huo na sitaki kumsingizia mtu. Ninachosema ni kwamba hatari yote tumeibeba sisi, na tunayempa mkopo hajatuambia chochote kuhusu hali yake. Aliyelipia GTV Januari 2009 naye hakuona dalili kwenye skrini. Picha ilikuwa safi mpaka ilipokatika.

Haya, tuache hofu, tupige hesabu tu. Sasa hivi ni Novemba. Tunafunga katikati ya Julai, watu wanaenda TP, wengine wanarudi nyumbani, hosteli inabaki na popo mpaka Oktoba ishe. Novemba hadi Julai ni miezi 9. Mara 35,000 ni 315,000. Ofa ni 350,000. Yaani ile miezi miwili "ya bure", na mmoja juu yake, itatukuta hatupo! Tunalipa 35,000 zaidi ili popo waangalie mpira. Na bado sijatoa likizo ya katikati ya mwaka.

Hoja moja nzuri ipo upande wenu, na naikubali: bei ya mwezi inaweza kupanda katikati, ya mwaka haipandi. Ni kweli. Lakini kwa tofauti ya 35,000, bei ipande mpaka wapi ndipo tupate hasara? Na ikipanda tunaweza kushuka kifurushi. Ukishalipa mwaka huna pa kushukia.

Kuhusu kuniamini mimi: mna haki ya kuuliza. Napendekeza pesa ihamie kwenye laini mpya, namba ya siri akae nayo mtu mwingine, laini nikae nayo mimi. Kila tarehe moja tunalipa mwezi mmoja, ujumbe wa malipo unachapwa unabandikwa mlangoni pa common room. Julai kinachobaki, kama 45,000, tunagawana au tunanunua soda za kuagana.

Kwa mjomba wangu Mwanza kuna dishi juu ya banda la kuku. Jina la kampuni limeshaliwa na kutu, halisomeki. Shangazi analitumia kuanikia dagaa. Nikiwa mdogo nilidhani madishi yote yametengenezwa kwa kazi hiyo. Nikimuuliza mjomba lilikuwa la nani anacheka tu, anasema, "Lilikuwa la mpira, sasa ni la mboga." Mimi sina tatizo na dagaa, ila dishi la dagaa la floo yetu sitaki kulilipia mwaka mzima mbele.

Jumatano saa mbili usiku, common room. Mkipiga kura mkasema mwaka, Alhamisi asubuhi nalipa bila kununa, risiti mtaiona. Ila kila mtu aje ameshapiga hesabu yake mwenyewe kwenye karatasi.

Ngoja nirudi kwenye maandalio, kesho saa moja nasimama mbele ya darasa.

Nawasilisha.