Mchome Tu, kwa Tahadhari

Kuna kauli moja niichukiayo: "Mchomeni sindano, kwa tahadhari tu." Hapa Tabora naisikia kila jamaa anapolazwa. Hata kongosho likivimba vibaya, ndugu hudai kiuavijasumu siku hiyohiyo, na wapo waganga wanaowaridhisha.

Kongosho likiumizwa na pombe au mawe ya nyongo hujiunguza kwa maji yake lenyewe. Homa hupanda, moyo huenda mbio, na huenda kijidudu hakipo hata kimoja. Vijidudu, vikija, mara nyingi huja baada ya wiki ya kwanza, katika nyama iliyokwisha kufa.

Wazo la kuvitangulia halikuwa la kipuuzi. Mwaka 1993 Waitalia walitoa imipenemu mapema. Maambukizo yakapungua, vifo havikupungua. Mwaka 2004 Wajerumani walipima wagonjwa 114, wengine wakipewa siprofloksasini na metronidazoli, wengine kitu kinachofanana na dawa tu, pasipo mganga wala mgonjwa kujua. Faida haikuonekana. Meropenemu nayo ilijaribiwa hivyohivyo kwa wagonjwa 100, matokeo yakatangazwa 2007: faida hakuna.

"Lakini mbona fulani alichomwa akapona?" Livingstone, aliyekaa kwenye tembe la Kwihara mwaka 1872, kando ya njia ya misafara iendayo Ujiji, alikuwa na vidonge vyake vya homa: kwinini ikichanganywa na dawa za kuharisha, mojawapo ya zebaki. Kwinini ndiyo iliyotibu. Ila aliyepona alikisifu kidonge kizima, zebaki na yote!

Nitaambiwa Ulaya wana maabara, sisi je, tungoje mtu aoze? Hasha. Apewe maji ya mshipa, dawa ya maumivu, na chakula mapema akikiweza. Dalili za maambukizo zikitokea, au njia ya nyongo ikiingiwa na vijidudu, kiuavijasumu kitolewe bila kuchelewa. Umaskini wetu ndio hasa unaonifanya nikatae tahadhari hii: vijidudu vikiizoea dawa ya kwanza, ya pili ni ghali, pengine haipo kabisa, na fangasi nao hupata nafasi.

Jamaa zangu nimekwisha kuwaagiza: siku nitakayolazwa kwa kongosho, waulize kwanza nimekojoa kiasi gani, ndipo waulize habari za sindano.