Nyoka wa Mawe

Wako watu katika mitaa yetu ya Eastlands, toka Kaloleni hata Bahati, ambao wakionyeshwa picha ya nyoka juu ya jengo la kifalme hawaulizi neno. Hukumu imekwisha: hilo ni jengo la shetani, na walioliunda walikuwa wajinga. Msomaji, nakusihi usiwe mmoja wao.

Itazame Angkor, katika nchi ya Kambodia. Katika karne ya 12 mfalme Suryavarman wa Pili alijenga hekalu la Angkor Wat, akalizungushia handaki la maji lenye upana wa karibu mita 190. Njia ya kuliendea hekalu ina kingo za mawe, na kila ukingo ni mwili mrefu wa nyoka, ambaye mwishoni huinua vichwa 7 vilivyotanuka kama kiganja. Wenyewe humwita naga. Baadaye Jayavarman wa Saba alijenga mji wa Angkor Thom. Mbele ya malango yake zimepangwa safu mbili za sanamu, 54 kila upande, zimeshika nyoka kama watu wavutanao kamba. Upande huu miungu, upande ule majitu.

Kwa nini nyoka? Kwa sababu mkulima wa mpunga huishi kwa maji, na naga ndiye bwana wa maji. Ngano ya Wakhmeri yasimulia kuwa mgeni mmoja alimwoa binti wa mfalme wa nyoka, na baba mkwe akayanywa maji yaliyoifunika nchi ili wapate mahali pa kukaa. Nao wafalme walijenga mabwawa makubwa. Lile la magharibi lina urefu wa kilometa 8 hivi na upana wa kilometa 2. Wewe uamkaye alfajiri kutafuta maji na mtungi kwa kuwa bomba limekauka, huhitaji mwalimu wa kukueleza kwa nini mtawala hupenda kuitwa jamaa wa bwana wa maji.

Watajibu kwamba kitabu cha Mwanzo kimemlaani nyoka. Ni kweli. Walakini katika kitabu cha Hesabu, Musa alisimamisha nyoka wa shaba, na aliyeumwa akimtazama alipona. Mafarao walivaa swila katika paji la uso. Gari la wagonjwa lipitalo Barabara ya Jogoo aghalabu limechorwa nyoka aliyeizonga fimbo, wala sijapata kumwona mgonjwa aliyekataa kupanda.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2003 chatu aitwaye Omieri alipoonekana Nyakach, wako waliofurahi wakisema ameleta mvua na mavuno. Wengine waliwahofia watoto na mifugo, wakataka aondolewe. Kila upande ulikuwa na hoja. Kinachonishangaza ni mtu wa Makongeni amheshimuye Omieri wa kwao, kisha akamcheka Mkhmeri.

Sisemi tuwasujudie wafalme wale. Zhou Daguan, Mchina aliyekaa Angkor mwaka 1296 na 1297, aliandika kuwa watu waliamini katika mnara wa dhahabu, ndani ya jumba la mfalme, mlikaa roho ya nyoka mwenye vichwa 9, ijayo kila usiku kwa sura ya mwanamke. Roho isipotokea, ajali ya mfalme imefika. Mfalme asipokwenda, balaa litashuka. Sasa uliza: ni nani aliyefaidika na habari hiyo? Ikiwa salama ya nchi nzima yategemea mlango ambao mtu mmoja tu huruhusiwa kuufungua, ni raia gani atakayethubutu kumpinga mtu huyo? Hapo, kama unataka kuwalaumu wajenzi wa Angkor, lawama yako itakuwa na mashiko. Lakini asemaye "shetani" na kufunga kitabu hafiki kwenye swali hilo.